Springi ya Kubebea Mti wa Gari la Farasi: Niliyojifunza Karakanani Lancaster

Gari la farasi la magurudumu manne, la aina inayotumiwa hadi leo na wakulima wa Kiamishi (Wakristo wanaoshika maisha ya kale na kujiepusha na mashine nyingi za kisasa) katika Kaunti ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, lina mti mrefu unaotoka kwenye ekseli ya mbele na kupita katikati ya farasi wawili hadi usawa wa vifua vyao. Mti huo ndio usukani wa gari na ndio breki yake. Nguvu ya kuvuta hupita kwenye kipande chake kifupi cha nyuma tu, lakini mti wote una uzito wake, na kwa kuwa umeunganishwa na ekseli kwa bawaba, uzito wa upande wa mbele lazima ubebwe na kitu. Katika magari mengi kitu hicho ni shingo za farasi. Kifaa ninachotaka kukieleza hapa ni springi inayofungwa kati ya ekseli na mti huo ili kuzipunguzia shingo hizo mzigo usio na faida kwa mtu yeyote.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kazi hiyo nilijifunza Kahama, mkoani Shinyanga, ambako tulitengeneza mageti, vitanda vya chuma na mikokoteni ya ng'ombe. Mji wa Lancaster umepokea wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongomani wanaozungumza Kiswahili, na ni rafiki yangu mmoja mwenyeji wa Uvira aliyenipeleka kwenye karakana ya mzee mmoja wa Kiamishi iliyokuwa ikitafuta mchomeleaji. Karakana haina umeme wa gridi. Injini ya dizeli iliyojengewa kibanda chake nje husukuma upepo na mafuta ya haidroliki kwenye mabomba, na mashine zote za ndani, kuanzia ya kutobolea hadi ya kukatia vyuma, huzungushwa kwa nguvu hiyo. Mashine ya kuchomelea ina injini yake. Mtu akizoea sauti ya upepo ukitoka kwenye kifaa cha kutobolea, hasikii tena tofauti yoyote na karakana nyingine.

Ni vyema nieleze kwanza namna farasi wawili wanavyofungwa, kwa sababu bila kuelewa hilo kazi ya springi haieleweki. Kila farasi huvaa kola nene ya ngozi iliyojazwa mabua makavu, inayoizunguka shingo na kuegemea mabega. Juu ya kola hukaa vyuma viwili vilivyopinda, na kwenye vyuma hivyo huanzia mikanda au minyororo ya kuvutia, ambayo hupita ubavuni hadi nyuma ya farasi na kunaswa kwenye mti mfupi uliolala. Miti mifupi ya farasi wote wawili hushikwa na mti mwingine mkubwa, nao hufanya kazi kama mizani ili asiwepo anayevuta peke yake. Hiyo ni njia ya kuvutia, na iko nyuma. Mbele kuna njia nyingine kabisa: mti unaolala kwa upana mbele ya vifua vya farasi, ambao nitauita nira ya mbele, wenye pete katikati inayopokea ncha ya mti wa gari. Miisho ya nira hiyo huning'inia kwa mikanda kutoka kwenye vyuma vya kola. Farasi wakigeuka, nira huusukuma mti upande, nao mti huigeuza ekseli. Na gari linapoteremka na kutaka kuwasukuma farasi kwa nyuma, nira, ikisaidiwa na mikanda inayopita chini ya tumbo hadi kwenye mkanda wa makalio, ndiyo inayolizuia.

Sasa fuata uzito. Kutoka kwenye ncha ya mti unaingia kwenye pete, kutoka kwenye pete unaingia kwenye nira, halafu mikanda, halafu vyuma, halafu kola. Kola imeumbwa ili isukumwe na mabega, ambayo yana misuli mipana. Haikuumbwa ili ivutwe kwenda chini, kwa maana ikivutwa chini sehemu inayobaki kuibeba ni ule ukingo wa juu wa shingo, mahali penye ngozi nyembamba na manyoya ya singa. Hapo ndipo vidonda huanzia. Mteja mmoja alileta gari lake likivutwa na nyumbu wawili, yaani chotara wa punda na farasi (Waamishi wa Lancaster hupenda nyumbu kwa kazi za shamba, tofauti na wenzao wa Ohio wanaotumia zaidi farasi wakubwa wa Kibelgiji), na nyumbu wa kushoto alipovuliwa kola, juu ya shingo yake kulikuwa na sehemu isiyo na manyoya, yenye upana wa viganja viwili, ngozi ikiwa imekauka na kupasuka kama ukoko. Mabegani hakuwa na alama hata moja. Mzee mwenye karakana hakumgusa mnyama. Alikwenda moja kwa moja kwenye ncha ya mti wa gari, akaunyanyua kwa mkono mmoja, akaurudisha chini, akaniita nami niunyanyue.

Ulikuwa mti wa chuma. Hili lina historia yake. Kwa muda mrefu miti ya magari hapa ilitengenezwa kwa mbao za miti migumu, hasa mti uitwao ash, ambao ni mwepesi kwa nguvu zake na hupinda kabla ya kuvunjika. Mwaka 2002 aligunduliwa jimboni Michigan mdudu wa kijani kutoka Asia anayetafuna tabaka la chini ya gome la miti ya ash na kuiua, na mwaka 2007 alikuwa amefika Pennsylvania. Wateja wetu wanaotaka mti wa mbao safi, mnyoofu, usio na fundo, wenye urefu wa mita tatu na nusu, husubiri, na wengi hawataki kusubiri. Hivyo tunawatengenezea kwa bomba la chuma la mraba. Bomba la inchi tatu kwa tatu lenye unene wa inchi 3/16 lina uzito wa kilo 10 na kidogo kwa kila mita, kwa hiyo mti mzima una kilo 36 hivi. Mti wa mbao unaochongwa kuwa mwembamba kuelekea mbele hauwezi kufika hata nusu ya hapo.

Kilo 36 si mzigo kwa farasi wa kilo 800, na wakulima wengine walitujibu hivyo hivyo. Tena farasi hawaubebi wote: bawaba hubeba nusu, na nusu nyingine, kilo 18, hugawanywa kwa shingo mbili. Kwenye karatasi ni jambo dogo. Lakini gari la Waamishi wa hapa likiwa shambani hutembea kwa magurudumu ya chuma, kwa kuwa utaratibu wa kanisa lao hauruhusu matairi ya upepo kwenye zana za shamba, na gurudumu la chuma halimezi jiwe hata moja. Kila jiwe hupanda hadi kwenye ekseli, na kutoka kwenye ekseli hadi kwenye mti, na ncha ya mti hurukaruka siku nzima. Mti ukiruka juu, nira hulegea; ukishuka, hudunda kwenye mikanda. Zile kilo tisa za kila shingo huwa pigo dogo linalorudiwa kuanzia asubuhi hadi jioni kwenye ngozi iliyolowa jasho.

Tatizo hili ni la zamani sana, na watu wa hapa walilihangaikia kwa bidii. Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani ilikuwa na farasi na nyumbu zaidi ya milioni 20, na kiwanda cha Studebaker, kilichoanza kama karakana ya wahunzi huko South Bend, Indiana, mwaka 1852, kilijipatia jina kwa magari ya farasi kabla ya kuingia kwenye motokaa. Katika miongo ile mtu yeyote aliyekuwa na fuawe na wazo aliweza kupeleka mchoro wake Washington kuomba hataza, na hataza za vifaa vya kubebea mti wa gari zilitolewa nyingi. Vingine vilikuwa springi za mabamba zilizolazwa chini ya mti, vingine springi za koili zilizotundikwa juu, vingine vyuma vizito vilivyoning'inizwa nyuma ya bawaba. Kwa mashine nzito, kama za kukatia nyasi na za kuvunia ngano, hata springi haikutosha, kwa hiyo waliweka kigari kidogo cha gurudumu moja au mawili chini ya mti ili ardhi yenyewe ibebe. Ukitembea kwenye minada ya zana za kale utaviona vifaa hivi vikiwa na kutu, na ukivitazama kwa makini utagundua kwamba vingi vina kasoro ileile, nami nitaifikia.

Kuna njia mbili za kuweka springi. Ya kwanza ni kusimamisha nguzo fupi ya chuma juu ya ekseli na kufunga springi ya koili kutoka kwenye kichwa cha nguzo hadi sehemu fulani ya mti, ili iuvute juu. Ya pili ni kuweka springi chini, ikisukuma. Njia ya juu ni rahisi kutengeneza na ni rahisi kurekebisha, lakini pembe yake ina hila. Springi ikivuta kwa mshazari, ni sehemu tu ya nguvu yake inayonyanyua. Iliyobaki huurudisha mti nyuma na kuukandamiza kwenye pini ya bawaba. Pembe kati ya springi na mti ikiwa nyuzi 30, nusu tu ya nguvu ndiyo inayonyanyua. Tumefungua magari mengi yenye pini zilizolika upande mmoja hadi kubaki kama mwezi mchanga, na mwenye gari akilaumu chuma cha pini, kumbe nguzo ya springi ilikuwa fupi mno.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mti wa kilo 36 wenye urefu wa mita 3.5 una kitovu chake cha uzito katikati, mita 1.75 kutoka kwenye bawaba, kwa hiyo unazungusha kwenda chini kwa kilo 63 katika umbali wa mita moja. Tukifunga springi sentimita 45 kutoka kwenye bawaba, na ikiwa inavuta wima, inahitaji nguvu ya kilo 140 ili kuuacha mti ukielea. Nilipoanza niliona hesabu imeishia hapo: tafuta springi ya kilo 140, ifunge, kazi imekwisha. Mzee ndiye aliyenionyesha kuwa nguvu ya springi ni nusu ya habari. Alichukua springi mbili zenye nguvu sawa zikivutwa mahali pake: moja fupi na nene, nyingine ndefu na nyembamba, akaniambia nizifunge kwa zamu kwenye gari moja na kulivuta juu ya boriti iliyolazwa uani.

Ile fupi ilikuwa inapanda kilo 20 kwa kila sentimita moja ya kuvutwa. Gari linapotembea mashambani ncha ya mti hupanda na kushuka sentimita 15 bila shida, na mwendo huo kwenye sehemu ya springi huwa takriban sentimita mbili. Kwa hiyo nguvu ya springi hubadilika kwa karibu kilo 40, na farasi huhisi badiliko la kilo tano kwenye ncha, mara mti ukiwa mwepesi, mara mzito, mara ukimsukuma juu. Ile ndefu ilipanda kilo tano tu kwa sentimita, na badiliko kwenye ncha likawa kilo moja na ushee, ambalo mkono wangu haukulitambua. Hii ndiyo kasoro ya vifaa vingi vya kale, na vingi vya leo pia: springi ni fupi. Huuzika kwa sababu mti unasimama vizuri gari likiwa limetulia mbele ya mnunuzi, na gari lililotulia ndilo lisilohitaji springi. Springi nzuri ni ndefu, laini, na imevutwa sana kabla ya kuanza kazi, kiasi cha sentimita 20 au zaidi, na hiyo humaanisha mahali pa kuiweka hapapatikani kirahisi. Sisi huilaza kando ya mti, tukiunganisha na nguzo kwa mnyororo unaopita kwenye kapi ndogo.

Jambo la pili nililofundishwa ni kwamba mti haupaswi kuelea kabisa. Tunaacha uzito kidogo kwenye ncha, kilo nne au tano, na hapo springi ya mfano wetu hushuka kutoka kilo 140 hadi kama 100. Wateja hubishana sana kuhusu hili, kwa kuwa wanayemlipa wanataka awaondolee uzito wote. Lakini nira isiyo na uzito wowote hucheza. Mikanda yake hulegea na kukaza ovyo, na farasi, kama mzee alivyopenda kusema, hajui gari liko wapi mpaka limfikie. Uzito ule mdogo huiweka mikanda mahali pake bila kuibana kola.

Kupima tunapima kwa mizani ya kawaida ya kupimia watu, ile inayokaa bafuni. Gari huwekwa mahali tambarare, mizani huwekwa juu ya magogo hadi ncha ya mti iifikie ikiwa kwenye kimo chake cha kazi, kwa kawaida karibu sentimita 90 kutoka ardhini kwa farasi wakubwa, na mtu huizungusha nati ya kurekebishia huku mwingine akisoma. Kimo ni lazima kiwe kile cha wanyama wa mteja mwenyewe, kwa hiyo tunamtaka apime kutoka ardhini hadi kwenye pete ya nira farasi wake wakiwa wamefungwa. Nati hufungwa na nati nyingine ya kukazia. Baada ya mwezi tunaomba gari lirudi, kwa sababu springi mpya hulegea kidogo. Nusu ya wateja hawarudi.

Springi yenye nguvu kupita kiasi ni mbaya kuliko kutokuwa na springi, na hili nililiona kwa macho yangu kwenye gari la kubebea watalii. Wageni huja Lancaster kwa maelfu kutazama maisha ya Waamishi, na biashara ya kuwazungusha kwa gari la farasi ni kubwa. Mwenye gari, ambaye hakuwa Mwamishi, alikuwa amelinunua likiwa na springi tayari kutoka kwa muuzaji wa jimbo jingine, na malalamiko yake yalikuwa kwamba farasi wake wa kulia, mnyama mpole wa miaka mingi, ameanza kurusha kichwa na kukataa kuzuia gari kwenye mteremko. Alikuwa amekwisha kubadilisha lijamu na alikuwa akifikiria kumpeleka farasi mnadani New Holland, ambako farasi huuzwa kila Jumatatu na si wote wanaotoka kwenda kwenye kazi nzuri.

Tulimwomba awafunge farasi wake hapohapo uani, tukatazama. Mti haukuwa ukiilemea nira, ulikuwa ukiinyanyua. Pete ilikuwa imepanda, mikanda ya kifuani imelegea, na farasi walipozuia gari, nira ilisukumwa juu kuelekea kooni badala ya kukaa chini kwenye ncha za mabega. Kola nayo ilinyanyuka na kubana koo. Yule wa kulia alikuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, kwa hiyo ndiye aliyepata shida zaidi. Tulipoweka mizani haikuonyesha chochote. Ilibidi tuufunge mti kwa kamba na kuuvuta chini kwa mizani ya kutundika, na ulihitaji kilo 11 kushuka hadi kimo cha nira. Nati ililegezwa mpaka mwisho wa uzi wake na bado haikutosha, ikabidi tuibadilishe springi yote. Farasi hakuuzwa wakati ule. Sina hakika kama mwenyewe aliamini kuwa sababu ilikuwa chuma kile, maana alipoondoka bado alikuwa anazungumzia lijamu.

Kuna faida moja ya springi ambayo hata waliobuni vifaa hivyo kwa ajili ya shingo za farasi lazima waliiona, nayo ni usalama. Sheria ya kwanza ya kufunga gari la farasi wawili ni kwamba nira ya mbele hufungwa kabla ya minyororo ya kuvutia, na wakati wa kufungua, minyororo hutolewa kwanza na nira mwisho. Sababu ni kwamba farasi waliofungwa kuvuta bila nira wanaweza kulikokota gari wasiloweza kuligeuza wala kulizuia. Sheria ya pili ni kwamba minyororo isiwe mirefu kiasi cha kuwaruhusu farasi kusonga mbele mpaka pete ya nira ichomoke kwenye ncha ya mti. Ikichomoka, mti usio na springi huanguka, ncha yake ikachoma ardhi, na gari lililo kwenye mwendo huupanda mti wake lenyewe. Mti huvunjika, au gari hunyanyuka mbele, na aliyekaa kitini hana pa kushika.

Jirani wa karakana ilimtokea kwenye barabara ya shambani akirudi na gari tupu. Pete ilichomoka, lakini gari lake lilikuwa na springi yetu, na mti ulibaki ukining'inia usawa wa magoti ya farasi. Aliwatuliza kwa sauti, wakasimama baada ya hatua chache. Niseme pia kwamba mahali penyewe palikuwa tambarare. Kwenye mteremko springi ingeuzuia mti kuchoma ardhi, lakini isingelizuia gari kuwagonga farasi miguuni, kwa kuwa pete ikishachomoka hakuna tena kinachozuia. Ndiyo sababu tunachomelea kizuizi cha chuma karibu na ncha ya mti na kumkumbusha kila mteja kuhusu urefu wa minyororo, hata yule aliyezaliwa kwenye gari.

Kitu ambacho springi haigusi kabisa ni pigo la pembeni. Gurudumu moja la mbele likigonga jiwe au likitumbukia kwenye shimo, ekseli hugeuka ghafla na mti huchapa upande, ukimpiga farasi mmoja begani au kumvuta mwenzake kwa nira. Springi hunyanyua, haizuii mti kwenda kulia na kushoto, na haipaswi, kwa kuwa huo ndio usukani. Wapo wauzaji wanaodai kifaa chao huondoa pigo hilo, nami huwaomba waniambie ni kwa njia gani.

Kwa upande wangu kama mchomeleaji, somo gumu lilikuwa kujizuia nisichomelee. Springi haichomelewi. Chuma chake kimepashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu ili kirudi kikivutwa, na joto la kuchomelea huharibu kipimo hicho: pembeni mwa mchomeleo chuma huwa kigumu na chepesi kuvunjika, na mbele kidogo ya hapo huwa laini na hakirudi tena. Tunaletewa springi zilizochomelewa kulabu na mafundi wengine, na huvunjika palepale pembeni mwa mchomeleo, mara nyingi asubuhi ya baridi kali. Springi yenyewe tunaishika kwa bolti, pini na vishikizo tu. Hata springi isiyochomelewa ina mahali pake pa kufa, nako ni pale koili ya mwisho inapopindwa kuwa kulabu.

Kwa sababu hiyo karakana iliachana na springi ya kuvutwa yenye kulabu na kuhamia kwenye springi ya kubanwa. Fimbo mbili za chuma hupita ndani ya koili kutoka pande zinazotazamana, kila moja ikishika mwisho wa mbali, hivyo mnyororo ukivuta fimbo, koili hubanwa. Koili ikivunjika, vipande hubaki vimenaswa kwenye fimbo na mti hushuka sentimita chache tu. Ni ghali zaidi na ni nzito, lakini hakuna kipande kinachoruka. Springi iliyovutwa kwa kilo 100 ni silaha, na anayeifungua bila kwanza kuuegemeza mti juu na kuilegeza nati hadi mwisho anacheza na uso wake.

Ndugu yangu aliyebaki Kahama anafuga ng'ombe wa kukokota na amewahi kuniomba nimtumie springi moja. Nilimweleza kwamba haitamsaidia. Mkokoteni wetu wa Usukumani una magurudumu mawili, kwa kawaida yakiwa kwenye ekseli ya gari bovu, na mti wake umechomelewa kwenye bodi bila bawaba. Uzito unaofika kwenye nira hautokani na mti pekee. Hutokana na mahali mzigo ulipowekwa. Mkokoteni wenye kilo 500, kitovu cha mzigo kikiwa sentimita 10 tu mbele ya ekseli, na nira ikiwa mita tatu kutoka kwenye ekseli hiyo, huwaongezea ng'ombe karibu kilo 17 shingoni. Gunia moja la kilo 100 likirudishwa nyuma sentimita 30, nira hupungukiwa kilo 10, na hakuna shilingi iliyotumika. Likirudishwa mno, mti hunyanyuka na nira huwakaba koo, kama yule farasi wa watalii. Nilimshauri anyanyue ncha ya mti kwa mikono miwili kabla ya kuwafunga ng'ombe: akiweza kuinyanyua bila kukunja mgongo, na ikishuka yenyewe polepole akiiachia, mzigo umekaa sawa. Alinijibu kwamba anaelewa vizuri sana, ila vijana wa kupakia pale mashineni huanza kupanga magunia kuanzia mbele, na ukiwaambia wapangue wanadai malipo mengine.